Zamu Yako, Dereva

Toka nyumbani hadi geti la bustani, Mshonaji alikuwa amemuua baba yake mara nne, na hakumuua vizuri hata mara moja.

"Mzee wangu, pole, Dereva hatunaye." Hapana, ghafla mno, mzee wa umri ule anaweza kuanguka pale pale. "Mzee, baba amekuwa akiumwaumwa..." Uongo mtupu! Baba ana miezi tisa kaburini. Watu kwenye foleni walimwona anavyojisemesha ndani ya barakoa, wakamwachia nafasi zaidi ya ile mita iliyochorwa chini.

Bustani ya jiji ilikuwa imefungwa miezi kumi na minne kwa sababu ya ugonjwa. Leo inafunguliwa: bembea, uwanja wa mpira, na drafti ya wazee. Getini kuna mabomba mapya ya kunawia mikono, na bwana mmoja wa halmashauri kashika kipaza sauti, anavyojisikia utadhani bustani kaachiwa urithi.

Dereva, baba yake, alistaafu mabasi akahamia kwenye drafti. Kila asubuhi, benchi namba saba, yeye na mzee mmoja mtaratibu aliyekuwa akitengeneza saa, ndiyo maana akaitwa Fundi Saa. Walitaniana pale miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyejua nyumba ya mwenzake; urafiki wao uliishia getini. Siku ya mwisho kabla ya kufungwa walizipa namba nyumba zote za ubao, kila mmoja akaondoka na ubao wake, wakawa wanacheza kwa ujumbe wa simu. Kupigiana, hapana. Fundi Saa aliandika kwamba masikio yamemgomea.

Mwezi wa tano wa kufungwa, Dereva akalazwa. Pumzi za kuokoteza, lakini simu anaitaka.

"Hebu mwone huyu mzee," alimwambia binti yake. "Miaka yote hatoi kete bure hata umshikie panga. Siku hizi anatoa mbili, anakula tatu! Ugonjwa umempa wazimu."

Chini ya namba, Fundi Saa alikuwa ameandika: "Usithubutu kufa kabla sijakufunga." Dereva alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. Siku mbili baadaye akafariki.

Walimzika watu kumi, ndio idadi iliyoruhusiwa. Wamerudi nyumbani, hata udongo haujakauka kwenye viatu, simu ya marehemu ikalia. "Zamu yako, Dereva. Umeogopa?"

Mshonaji alilia, kisha akaenda kuutazama ubao. Mzee wa watu kafungiwa ndani, burudani yake ni hii moja, amwambie vipi? Akaandika: "22 kwenda 18. Nani aogope?" Alidhani atadanganya siku moja tu. Loo! Uongo ukishaukaribisha sebuleni, haukuulizi utalala wapi. Miezi tisa alishona barakoa za watu jicho moja likiwa ubaoni. Alifungwa, akafungwa tena, akajifunza, akaanza kufunga na yeye. Na ukweli usemwe, alipenda. Kila ilipoingia "Zamu yako, Dereva," kwa dakika mbili tatu baba alikuwa bado yupo.

Sasa jana ukaja ujumbe usio na namba hata moja. "Kesho saa nne, benchi letu. Usikose. Nina maneno nawe."

Maneno gani? Ameshajua! Mshonaji hakula, hakukaa. Nguo ya mteja aliikata mkono mmoja mrefu, mmoja mfupi. Mzee atamwita mwizi wa jina la marehemu, na hatakuwa amekosea. Au mbaya zaidi: hajui kitu, anakuja na furaha zake zote, naye ndiye wa kwenda kuzizika.

"Drafti ya wazee?" Bwana wa kipaza sauti alimpima juu mpaka chini. "Wewe mzee wa wapi?"

"Namwakilisha baba."

"Haya, namba saba. Mwenzenu ameshafika."

Ameshafika. Alipita bembea zilizojaa watoto wakipiga kelele za mwaka mzima, akapita wapiga mpira, huku akimuua baba yake mara ya tano na ya sita.

Kwenye benchi Fundi Saa hakuwepo. Alikuwepo mama mmoja wa makamo, ubao wa drafti mapajani, anakunja kitambaa, anakikunjua, anakikunja tena.

"Shikamoo, mama. Namtafuta Fundi Saa."

"Marahaba. Mimi ni mke wake." Alichungulia nyuma ya Mshonaji, huku na huku. "Na wewe bila shaka ni binti wa Dereva. Baba yuko wapi, bado yuko kwenye foleni?"

Kumbe mzee kaja na mkewe! Basi yuko bombani ananawa, atatokea sasa hivi. Mshonaji aliona ni heri aanze na mama, wasaidiane kumshika mzee akianguka.

"Mama, kabla mzee hajafika, kuna jambo..."

"Ngoja, mwanangu, nitangulie mimi. Nikinyamaza leo nitapasuka." Mama alimkamata mkono, ile mita moja ikasahaulika. "Baba yako ni mtu mzima, umwambie taratibu, nisije nikamuua. Mume wangu nilimzika wiki ya tatu tu baada ya mageti kufungwa. Toka siku hiyo, anayecheza na Dereva ni mimi."