Honi Kila Kijiji

Walipoziona nyumba za kwanza za Mtowisa, Obed aliinua mkono wa kushoto, na pikipiki zote zilizomfuata zikapiga honi kwa pamoja. Kuku wakatawanyika. Watu wakatoka nje wakidhani ni harusi, mpaka walipomwona mwanamke wa kanga nyeusi aliyekaa nyuma ya Obed.

"Mbona kila kijiji mnapiga honi, shemeji?" Rosina aliuliza.

"Ndiyo utaratibu wetu bodaboda, shem. Mwenzetu akipotea tunapiga honi watu watoke. Mwenye habari atasema."

Rosina aliridhika, na moyo ukamjaa shukrani. Tangu mumewe Gabriel apotee na pikipiki yake wakati wa mvua za kwanza, ndugu walikuja, wakalia, wakala, wakaenda zao. Waliobaki naye ni hawa vijana wa kijiwe cha Gabriel pale Sumbawanga mjini. Obed ndiye aliyeleta habari kwamba Gabriel alichukua abiria wa Laela na hakurudi. Obed huyohuyo akaongoza msako wa barabara ya Laela, wakapekua mitaro na mashamba ya mahindi, wasipate hata kiatu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki; wengine wote ni wa kwenye sherehe.

Mama mkwe alikuwa amekata shauri: mwanawe hajazikwa, matanga hayaanuliwi. Basi Rosina akawa analala chini, na baridi ya Ufipa si ya kulalia mkeka. Alikuwa mjane asiye na kaburi. Zamani aliomba Gabriel arudi. Siku hizi aliomba mifupa tu, aizike, apate mahali pa kwenda kulilia.

Ndipo mama mmoja muuza samaki kutoka bondeni akamwambia sokoni kuwa ameiona kijijini Kaoze pikipiki yenye kiti cha kitenge cha ndege wa njano. Kitambaa kile Rosina alikishona kwa mkono wake; hakikuwa na mwenzake mkoa mzima. Alikimbilia kijiweni akihema. Vijana wakatazamana.

"Tuachie sisi, shem," alisema Obed. "Wezi wa pikipiki si watu wa kuendewa na mwanamke."

"Msiponipeleka, nitateremka kwa miguu."

Wakakubali. Rosina akauza mahindi ya chakula ili wapate petroli, maana aliona haya watu wajitolee nafsi zao na mafuta pia. Asubuhi waliiacha baridi na mikaratusi ya juu, wakateremka mlima wa Lyamba lya Mfipa, kona baada ya kona, breki zikinuka, mpaka joto la bonde likawapiga usoni. Yeye alishika shati la Obed kwa nguvu na kusali.

Walipofika Milepa, Obed alisema mnyororo wake umelegea. Akaufungua, akaukaza, akaufungua tena. Limbu, ambaye pale kijiweni hakosi utani, alimletea Rosina maji ya kunywa bila kumtazama usoni. Wanamwonea huruma, alijisemea. Wanajua wanakwenda kuokota maiti ya mwenzao.

"Shemeji, turudi," Obed alisema, mikono imemjaa grisi. "Kaoze mbali, na barabara yenyewe unaiona. Hata tukifika tutapata nini?"

"Wewe umewahi kufika?"

"Mimi? Leo ndiyo mara ya kwanza."

"Basi twende tukaone wote."

Mbele ya Milepa njia iligawanyika mara kwa mara katikati ya mpunga uliokwisha kupiga rangi ya dhahabu. Obed hakusimama kuuliza mtu. Alikata huku, akakata kule, na Rosina akasema moyoni kuwa leo Mungu mwenyewe ndiye anayewaongoza.

Kaoze walipiga honi kuliko vijiji vyote. Walipiga mpaka ng'ombe wakakata kamba na Rosina akaziba masikio. Hakungoja zinyamaze. Alishuka, akamfuata mzee mmoja aliyekuwa anasuka kamba kivulini.

"Shikamoo, baba. Pikipiki yenye kiti cha kitenge ni ya nani hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Ya nyumba ile, yenye bati jipya."

"Shemeji, ngoja twende sisi kwanza!" Obed alipiga kelele nyuma yake. "Rosina! Ngoja!"

Hakungoja. Hasira ilimsukuma. Aliyapanga maneno atakayomwambia mwizi: pikipiki kaa nayo, hata kiti changu kaa nacho, nionyeshe tu ulikomtupa mume wangu.

Uani pikipiki ilikuwa imeegemezwa ukutani, na kiti kilikuwa kilekile. Kando yake palikuwa na kigoda kitupu na sahani ya ugali, tonge moja limeachwa juu ya dagaa. Mwanamke kijana akatoka ndani na mtoto mchanga mgongoni. Aliangalia nyuma ya Rosina, walikosimama wapanda pikipiki, uso ukamchanua.

"Jamani shemeji Obed! Na shemeji Limbu! Leo mmekuja kijiwe kizima? Mwenzenu katoka sasa hivi, hata kula hajamaliza. Kasikia tu honi, huyoo, mpungani."

Yule mwanamke akaiona ile kanga nyeusi. Alipiga goti, akaishika mikono ya Rosina kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, dada. Bila shaka wewe ndiye wifi yangu wa Sumbawanga. Poleni sana na msiba. Gabriel mpaka leo akimtaja marehemu Rosina, machozi yanamtoka."