Anataka Wote Wawili

Kiplimo alizima injini ya pikapu, akaiwasha, akaizima tena. Kando yake Natasha alikuwa amelala, bado amevaa sweta mbili za baridi ya Molo, akikoroma kwa shida kama mtu mzima.

Milcah alitokea akikimbia, kitambaa kimemtoka kichwani. Akainama dirishani.

"Amekula?" alinong'ona.

"Uji tu. Koo halipitishi kitu kingine."

"Na wewe, umelala?"

"Nitalalaje, Milcah?"

Haikuwa rahisi kufikia kuongea hivyo. Ile talaka ilikuwa ya matusi. Mwaka mzima mtoto alikabidhiwa kwenye kituo cha polisi, na mara ya mwisho kiatu kilirushwa. Natasha aliingia chini ya meza ya askari akakataa kutoka. Tangu siku hiyo Kiplimo na Milcah walikubaliana wawe wanakutana hapa Nakuru, nje ya duka la mbegu, bila wakili wala kelele.

Kesho asubuhi Natasha angetolewa mafindofindo. Daktari alisema ni jambo dogo.

"Amesema haingii chumba cha upasuaji," Kiplimo alisema, "mpaka aone baba na mama wamesimama pamoja. Wote wawili."

Milcah alipiga hatua kuelekea barabarani, akarudi. "Pamoja? Hospitalini, mbele ya watu? Umesahau kile kiatu?"

"Sijasahau."

"Si tuombe daktari aahirishe?"

"Jana usiku pumzi ilikatika. Nilimshika hivi mpaka ikarudi." Alionyesha mikono yake.

Simu ya Milcah ikalia. Aliitazama, akaizima. Ya Kiplimo nayo ikaanza. Akaiacha ilie mpaka ikachoka.

"Naogopa," Milcah alisema.

"Hata mimi."

Milcah alizunguka pikapu, akafungua mlango, akambeba Natasha. Msichana alimlalia begani bila kufungua macho, pumzi yake ikikwaruza shingoni mwa Milcah.

"Sitaki maneno kesho," Milcah alisema. "Hata neno moja. Ikibidi nipige magoti leo, nitapiga."

"Mimi nitapiga pia."

"Saa moja asubuhi, basi."

"Saa moja." Kiplimo alishika usukani kwa mikono miwili. "Wewe mlete mumeo, baba yake. Mimi nitamleta mke wangu, mama yake."