Yakinyamaza, Yameiva

Zamda alimpa Siwema, mfanyakazi mpya wa mkahawa wake, jagi la maziwa, akasimama kando amtazame. Msichana alizamisha ndani yake bomba la mvuke la mashine ya kahawa. Maziwa yakafoka, kisha yakatulia, laini, yanang'aa kama rangi mbichi.

"Nani kakufunza?"

"Hakuna, dada. Nasikiliza tu. Yakinyamaza, yameiva."

Zamda alishtuka. Maneno hayo ni ya mumewe, Shebe, aliyekaa pale mezani na gazeti lake, na ambaye asubuhi ile aliapa kwamba hamjui msichana huyu hata kwa sura.

Siwema akamimina, jani jeupe likachanua juu ya kahawa. Akampelekea Shebe, kisha akakizungusha kikombe taratibu mpaka kishikio kikaelekea kushoto kwa Shebe.

Shebe, ambaye ni mashoto, hakuinua macho.