Kuku wa Sadaka

Mnada wa sadaka za mavuno ulipoanza nje ya kanisa, Ndeshi alimkabidhi mwinjilisti kuku wake.

“Usimnadi kwanza. Nakwenda kumwomba dada yangu msamaha.”

“Si huwa unasema kesho, mama? Miaka sita sasa!”

“Hiyo kesho nimeiabudu vya kutosha.”

Akapanda mlima bila kupumzika. Dada yake, Aikande, alikuwa kitandani, mgonjwa, pumzi zikimwishia.

“Dada, nilikutukana mbele ya jeneza la mama. Nisamehe.”

“Umechelewa,” Aikande alinong’ona.

Ndeshi akapiga magoti.

“Chai ninayoagiza uwekewe kila siku imepoa. Lakini nilikusamehe siku ileile.”

Mgonjwa akasogea ukutani, akamwachia nafasi kitandani kama walipokuwa wasichana. Kule bondeni, mwinjilisti akiwa bado amemkumbatia kuku, tarumbeta za kanisa zikaanza kulia.