Pazia la Bahiya

Kanga ile Shemsa alikuwa amempa Bahiya, jirani wa ng'ambo ya kichochoro, adekie nyumba. Ilikuwa imepauka, na pasi imeitoboa pembeni. Leo asubuhi akaiona dirishani kwa Bahiya imekuwa pazia, imetiwa wanga, na pale penye tundu pameshonewa ua la uzi mwekundu. Kila aliyepita aliinua macho.

Roho ikamuuma. Akavuka kichochoro, na hodi akaipiga akiwa ameshaingia.

"Shoga, ile kanga ni ya mama," alisema. "Ameiulizia."

Mama hakuwa ameulizia kitu.

Bahiya alimtazama kidogo. Akapanda kiti, akaitungua, akaikunja taratibu, akatia maua ya asumini ndani yake, kisha akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mpe mama shikamoo yangu."

Shemsa akaitundika kwake, akatoka nje kuitazama. Ilikuwa kanga kuukuu iliyotundikwa dirishani, basi. Akaivuta huku, akaiweka sawa kule. Mpita njia mmoja akamsalimia bila hata kugeuza shingo.

Akarudi ndani. Ng'ambo, katika dirisha lililobaki wazi, Bahiya alikuwa ameweka glasi ya maji yenye kitawi cha mrihani. Jua lilipenya kwenye maji likachezacheza ukutani, na watu wakapunguza mwendo.

Shemsa akainua pembe ya kanga apate kuona vizuri. Kidole chake kilikuwa juu ya lile ua jekundu, na ukucha ulikwisha kuanza kuchokonoa uzi.