Vidole Viwili

"Kaka Rinzin, unawinda mawingu?" wapinzani wake wa mashindano ya upinde kutoka mji wa Paro walimzomea, wamesimama karibu na shabaha kama ilivyo desturi. "Subiri tukuletee ngazi!"

Mshale wake wa kwanza ulikuwa umepita juu kabisa. Rinzin alichukua wa pili.

Upote wa upinde wake ulikuwa mpya, wa nailoni, mwepesi, na mshale uliruka kwa kasi asiyoizoea. Nyuzi za zamani alizisokota mkewe kwa maganda ya upupu, vidole vikimvimba. Zilikuwa nzito, mshale ukaenda taratibu, basi kwa miaka ishirini Rinzin alilenga juu kidogo ili ufike. Mkewe alifariki wakati wa mavuno. Upote wa mwisho aliousokota ulikatika jana.

"Shusha mkono, kaka," mwenzake alimnong'oneza. "Upana wa vidole viwili tu. Ukikosa na huu, tumekwisha."

Rinzin alivuta. Mkono ulipanda wenyewe hadi pale ulipozoea, ukatulia hapo. Wenzake walijipanga, miguu tayari kucheza ngoma ya ushindi.

Akaushusha kidole kimoja.

Kisha, polepole, cha pili.