Muhuri wa Jaji Ndeshi

Kila jaji hupewa muhuri mmoja wa kufutia sheria, na huutumia mara moja tu maishani. Jaji Ndeshi aliuhifadhi wake kabatini, ndani ya kopo kuukuu la majani ya chai, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuutoa.

Asubuhi hiyo alikuwa mezani na mumewe, Elifasi, lakini chai yake hakuigusa. Mahakamani alisubiriwa na kesi ya sheria mpya, itakayowaruhusu wakaguzi wa serikali kumchukua mtu bila kuwaambia jamaa zake amepelekwa wapi.

"Leo utautumia, Mama Nakiete?" Elifasi aliuliza.

"Nikiutumia leo, halafu ije sheria mbaya zaidi, hiyo nitaizuia na nini?"

Ndivyo alivyosema pia miaka kumi iliyopita, ilipoletwa mbele yake sheria ya kukagua nyumba za watu. Akaiacha ipite.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Wakaguzi wawili wakaingia, wakapekua makabati. Mmoja akalitikisa lile kopo, akalirudisha, kisha akainama kuchungulia chini ya meza. Elifasi akainua miguu kumpisha, huku akiendelea kunywa chai yake. Wakatoka bila kuaga.

Jaji alibaki akimkodolea macho mumewe.

"Baba Nakiete, hawakukwambia uinue miguu."

Elifasi akaweka kikombe chini, akamtazama kama mtu asiyeelewa anachoulizwa.

"Kwani nimeinua miguu?"